Bakuli Lenye Kifuniko

Jogoo alitembea kama mtu anayeidai barabara shukrani. Kifua mbele, mwiko begani kama bunduki, na nyuma yake mkokoteni wa mboga ambazo soko lilikuwa limezikataa: kabichi zilizochubuka, nyanya zilizopasuka, karoti zilizoota miguu miwili kama binadamu. Wauza mboga walianza kucheka walipomwona kwa mbali, kabla hajafungua mdomo, maana walijua hatachelewa kuufungua.

"Mama Nyanya, leo umeniwekea zipi?"

"Hizi hapa. Zimelainika kidogo."

"Hata mimi ukinianika juani tangu asubuhi nitalainika. Tia humo! Na wewe shemeji wa vitunguu, mbona unanificha uso?"

"Shemeji yako nani? Dada yangu alishasema hakutaki."

"Hanitaki mimi. Alisema hawataki na wenye njaa? Tia humo!"

Vitunguu vikatiwa. Nani angebishana na jogoo anayewika mchana?

Yeye na wenzake walijiita Sufuria Moja. Walimaliza shule, wakatafuta kazi mpaka soli zikaisha, wakaishia kukaa ukutani nyuma ya soko wakihesabu magari ya watu. Na huko ukutani ndiko walikoona jambo ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyelitazama. Upande huu wa ukuta chakula kilikuwa kinatupwa. Upande ule watoto walikuwa wanalala kwa kunywa maji ya moto tu. Katikati, matofali tu.

"Sasa sisi tumekaa juu ya nini?" aliuliza Jogoo siku hiyo, akaruka chini.

Wakaomba uwanja nyuma ya ghala la Mzee Mizani, mfanyabiashara wa nafaka. Mzee akawapa uwanja, akawapa na maharage yaliyokatika ambayo wateja hawayataki, akawaazima sufuria kubwa ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Kila mchana ikawa moto unawaka. Na sheria ikawa moja: anayekula anafanya kazi. Huyu anamenya, yule anateka maji, yule anafagia, na kila nyumba inapewa gunia la udongo na miche ya mboga ili ipande mlangoni pake. Wa kwanza kupewa miche alitakiwa kumpa miche jirani yake, na jirani yake amkumbuke jirani yake, mpaka mtaa mzima ukaanza kuota majani kama kichwa kilichonyolewa vibaya.

"Hapa hakuna foleni ya maskini!" Jogoo alikuwa akitangaza kutoka juu ya kreti. "Hapa kuna foleni ya wenye meno! Na asiye na meno tutampondea!"

Kisha aliwaimbisha watoto wimbo alioutunga mwenyewe akikoroga, nao waliuimba wakigonga sahani:

*Njaa njoo tupigane, mwiko ndio rungu langu,*
*Leo ndipo tuonane, uwanja jikoni kwangu!*

Wasaidizi wake wakuu walikuwa wawili. Chiriku, binti mwenye miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi, ndiye aliyewapelekea chakula wasioweza kutembea. Alikuwa anaongea hata anapovuta pumzi. Na Kimya, kijana mpana wa mabega, ndiye aliyechochea moto na kuinua sufuria. Sentensi moja ilimtosha wiki nzima, na mara nyingine aliibakiza.

Lakini mtu aliyemnyima Jogoo usingizi hakuwa kwenye foleni. Alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta: Bibi Sindano.

Hakuwa bibi yake wa kuzaliwa, ila ndiye aliyemtupia jicho mchana wakati mama yake akiwa kazini. Alikuwa fundi cherehani, na nusu ya mtaa ule ilikwenda shule, kanisani, msikitini na mahakamani ikiwa imevaa kazi ya mikono yake. Ulimi wake nao ulikuwa na ncha kama sindano, ndiyo maana ya jina. Sasa macho yalikuwa yamefifia. Cherehani ilifunikwa shuka, imekaa pembeni kama mgonjwa asiyetaka wageni. Na kila mchana Jogoo alikuwa akisikia kupitia ukutani: kifuniko, kijiko, kifuniko, kijiko. Bibi anapika, wangesema majirani. Lakini Jogoo alikuwa mpishi. Alijua sufuria yenye kitu inavyolia, na tupu inavyolia. Tena harufu haikuwepo. Hata ya kitunguu.

Bibi alikuwa akigonga kifuniko ili mtaa usijue kuwa hana cha kupika.

Mara ya kwanza Jogoo alipompelekea sahani, alifukuzwa nayo.

"Nani kakwambia nina njaa?"

"Hakuna, Bibi."

"Basi mrudishie huyo hakuna chakula chake. Mimi tangu nizaliwe sijanyoosha mkono ila kuvuta uzi. Toka, na ufunge mlango, unaniingizia nzi."

Kesho yake alirudi amebadilisha njia. Alikaa kizingitini, akashika tama kama mfiwa.

"Bibi, nina shida. Watu wanakula chakula changu kimya kimya. Sijui ni utamu au ni adabu. Nikiwauliza wanasema kizuri tu. Nataka mtu wa kunionjea ambaye haogopi kuniumiza."

Bibi Sindano alivuta kijiko. "Lete," akasema.

Alionja kijiko kimoja. Akaonja cha pili. Akaendelea kuonja mpaka bakuli likang'aa, kisha akajifuta mdomo na kutoa hukumu:

"Haya maharage yana kiburi kama aliyeyapika. Na kitunguu kimepita tu kusalimia, hakikukaa. Kesho kikaange kwanza."

Jogoo alirudi nyumbani anaruka. Ametukanwa, na Bibi amekula!

Tangu hapo bakuli pekee lenye kifuniko pale jikoni, la bati la bluu, likawa la Bibi Sindano. Chiriku alilipeleka na kurudi na matusi, akayatangaza mbele ya foleni nzima kabla hajafika vizuri. Watu wakawa wanayasubiri kuliko chakula.

"Chiriku, leo kasemaje?"

"Kasema mchuzi huu ukimwagikia shuka jeupe hauachi doa!"

Uwanja ukawa unaanguka kwa vicheko. Wazee wakijipiga mapajani, watoto wakimwonyesha Jogoo vidole. Naye akauma mdomo, akageukia moto ili wasimwone anavyotabasamu.

Tatizo la kufundishwa na mtu mkali ni kwamba unajifunza. Jogoo alikaanga kitunguu kwanza. Alipunguza maji. Aliacha maharage yapoe hasira. Sufuria ikawa na utamu wa kumfanya mtu amsahau mchumba wake, na siku moja Chiriku akarudi na maneno mafupi: Bibi amesema leo hana la kusema, na kama hali ni hiyo, mwanafunzi aliyeiva hahitaji mwalimu.

Usiku ule Jogoo alitafakari. Kesho yake, kabla ya kulifunika bakuli la bluu, alitazama kushoto, akatazama kulia, akatumbukiza chumvi.

Tangu hapo kila siku alilitilia bakuli lile kasoro yake. Leo chumvi, kesho sukari, keshokutwa ndimu, au tangawizi ya kumwamsha aliyezimia. Kwa kijana aliyejiona mpishi wa dunia nzima, ilikuwa sawa na fundi kushona kwa makusudi suruali ya mguu mmoja. Hakumwambia mtu. Angeanzaje? Aseme kwamba matusi yote yale, yaliyomfanya achekwe mtaa mzima, anayanunua mwenyewe? Akanyamaza. Bibi akala. Mashavu yake yakarudi, na matusi yakanenepa pamoja nayo.

Sasa siku moja Mzee Mizani akasema atakuja kula mwenyewe, aone maharage yake yanageuka nini.

Uwanja ulifagiwa mpaka udongo ukaona haya. Jogoo alipika kama anayeposa. Sufuria ilipoiva, alipakua la Bibi kwanza, akatia ngumi ya chumvi na ndimu nzima juu yake, akafunika, akaliweka kwenye kichanja.

"Mbuzi!" mtu akapiga kelele. "Mbuzi kwenye miche!"

Jogoo alichomoka na mwiko. Mbuzi alikuwa ameshamaliza gunia la kwanza na alikuwa analichunguza la pili. Wakakimbizana mpaka nyuma ya ghala, mbuzi mbele, Jogoo nyuma, watoto nyuma ya Jogoo, kila mmoja akitoa ushauri.

Ndipo Mzee Mizani akaingia.

Chiriku akashtuka. Mgeni wa heshima, mwenye uwanja, mwenye maharage! Utampa bakuli wazi kama unamlisha kuku? Hapana. Nyumbani kwao walimfundisha: mgeni hupewa kilichofunikwa. Akatupa macho kichanjani, akaona kifuniko kimoja tu katika jiko zima, akashukuru, akalibeba bakuli la bluu kwa mikono miwili na kupiga goti. Kisha akachota bakuli jingine moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, akalifunika kwa sahani, akakimbia nalo kwa Bibi.

Mzee Mizani alifunua. Akatabasamu. Akala kijiko kilichojaa.

Uso wake wote ulikusanyika katikati kama mfuko uliovutwa kamba.

Jogoo alirudi akihema, mbuzi kwapani, akaona bakuli la bluu kwenye mapaja ya Mzee Mizani. Kabla hajalifikia, Chiriku akaingia mbio kutoka upande wa pili.

"Jamani! Jamani! Bibi Sindano kamaliza! Kasema leo hakuna kasoro hata moja! Kasema Jogoo ameiva!"

Uwanja ulilipuka. Sahani zikagongwa, watu wakamnyanyua Jogoo juu juu, yeye na mbuzi wake. "Jogoo kashinda! Jogoo kashinda!" Mbuzi naye akalia. Watoto wakaanza *Njaa njoo tupigane*. Katika furaha ile yote mtu mmoja tu alikuwa na uso wa mazishi, na ndiye aliyekuwa amebebwa.

"Na nini tena?" alimuuliza Chiriku kutoka juu huko. "Kasema nini tena?"

"Kasema basi, kazi yake imekwisha. Nisimpelekee tena."

Jogoo alisikia kifuniko na kijiko vikigongana kichwani mwake. Kesho mchana. Keshokutwa mchana. Sufuria tupu ikilia nyuma ya ukuta.

"Hakuna kasoro?" Mzee Mizani alikuwa amepata sauti. Alikohoa, akanyanyua bakuli watu walione. "Hiki hakina kasoro? Huyo mwonjaji wenu ana ulimi au ana kipande cha kiatu?"

"Chiriku, usi..." alisema Jogoo.

Lakini Chiriku alishaondoka. Habari kama ile ingemtoboa tumbo kama angeikalia.

Haikuchukua muda. Bibi Sindano aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, Chiriku akikimbia nyuma yake. Watu wakampisha njia bila kuambiwa.

"Nani kasema ulimi wangu ni kiatu?"

Mzee Mizani, mwenye ghala, mwenye malori, alisimama kama mtoto wa shule. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Suruali yako ya harusi nani aliibana kiuno?"

"Wewe, Mama."

"Na sasa hivi, kwa tumbo hilo, nani ataiachia?"

"Wewe, Mama," akasema Mzee Mizani, na uwanja ukacheka mpaka moshi ukapinda.

"Basi kaa." Bibi akachukua kijiko, akaonja kutoka kwenye sufuria. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaonja kutoka kwenye bakuli la bluu. Akaonja tena, taratibu, kama mtu aliyesikia sauti anayoifahamu chumba cha pili.

"Sufuria ni nzima," akasema. "Bakuli ndilo gonjwa. Na ugonjwa huu naujua. Jana alikuja dada yake." Akalipapasa bakuli, akagusa kifuniko. "Jogoo. Bakuli hili ni la nani?"

Walikuwa wameshamshusha. "La kwako, Bibi."

"Na chumvi?"

"Ya kwangu."

"Kila siku?"

"Tangu siku ile uliposema huna la kusema."

Hata mbuzi akaacha kutafuna. Bibi Sindano aliweka kijiko chini polepole.

"Kwa hiyo sikuwa naonja," akasema. "Nilikuwa nalishwa."

Akajifunga mtandio vizuri. Akageuka.

Jogoo alikuwa na maneno mengi ambayo hangeweza kuyasema mbele ya watu. Hangeweza kusema kifuniko, hangeweza kusema kijiko; afadhali afe. Lakini moto uliokuwa kifuani mwake haukujua kunyamaza, ukatafuta mlango mwingine.

"Bibi, simama! Wa kwanza kudanganywa ni mimi!"

Bibi akasimama. "Nani kakudanganya?"

"Wewe! Mama alinikataza kula nyumba za watu. Alisema nikidoea atanikata masikio. Nikirudi shule, nani alikuwa ananiita dirishani? 'Njoo mjukuu wangu unionjee chumvi, nina mafua, ulimi wangu hausikii kitu.' Mafua, Bibi! Mwaka mzima! Mafua gani yanakuja mchana tu, siku za shule tu, bila kamasi hata tone?"

Mtu mmoja kwenye foleni akapasuka kwa kicheko, akajiziba mdomo.

"Sahani nzima nilikuwa naonja! Nikimaliza unaniuliza, 'Imekolea?' Nasema imekolea. Unasema, 'Hebu hakikisha,' unaongeza! Nimenenepa kwa mafua yako! Nikajiona mtaalamu. Ndiyo maana leo napika, nani mwingine alinitia wazimu huu? Sasa kama kuonja ni kulishwa, basi nimelishwa mimi kabla yako. Na sikufa kwa aibu, Bibi. Nilikuwa Jogoo!"

Mabega ya Bibi Sindano yakaanza kutikisika. Watu wakatazamana: amemliza bibi wa watu. Chiriku akanyoosha mkono amshike. Ndipo Bibi akageuka, na wakaona hakuwa analia. Alikuwa anacheka kile kicheko kisicho na sauti, kinachomnyima mtu pumzi, machozi yakimtiririka mpaka kwenye futi.

"Ulijua?" akauliza alipoweza.

"Nilijua nilipoota ndevu."

"Ndevu zipi? Hizo?"

Uwanja ukaanguka tena kwa vicheko. Bibi akajifuta macho.

"Mwizi wewe. Umeniibia ujanja wangu na kuutumia kwangu mwenyewe." Kisha uso ukabadilika, akamjia kidole mbele. "Lakini mimi nilikuharibia chakula? Hata siku moja? Ngumi ya chumvi, na hapa kuna watoto wanalamba sahani! Mnapigana na njaa au mnaisaidia? Kimya!"

"Naam," akasema Kimya, kwa kuwa ndilo jina lake.

"Hilo bakuli usilimwage. Lirudishe kwenye sufuria, ongeza viazi na maji. Chumvi ikimwonea mtu mmoja, iitie kundi. Na wewe Jogoo, nipe huo mwiko."

Jogoo alisita. Mwiko ule hakuwahi kumpa mtu.

"Nipe, nasema. Nani kakwambia mwonjaji anakaa nyumbani kungoja bakuli? Chakula kikishapakuliwa unakirekebisha vipi, kwa kukilaumu? Mwonjaji anakaa kwenye moto." Akavuta kreti ya Jogoo, ile ya kutangazia, akaikalia kando ya sufuria, akaweka mwiko magotini. Chiriku akasogea na sahani, hajui kama ampakulie au asimpakulie. Bibi akamwangalia kwa jicho moja.

"Mpishi hapakuliwi, mwanangu. Mpishi hujichotea." Akajichotea. Mzee Mizani akanyoosha sahani tupu, naye akachotewa. Akala, akamaliza, akanyoosha tena.

Kesho yake, mchana, Jogoo alikuwa anakata vitunguu uwanjani aliposikia: kifuniko, kijiko, kifuniko, kijiko.

Kisu kikasimama. Aliijua sauti ile kuliko sauti yake mwenyewe. Lakini safari hii haikutoka nyuma ya ukuta. Ilikuwa inakuja na njia, inakaribia, na mlio wake umefunguka. Bibi Sindano alitokea kwenye kona akiwa amebeba kifuniko chake cha zamani na kijiko chake, anavigonga kwa nguvu zake zote kuita watu waje kula, na nyuma yake mlolongo wa watoto, na watoto hao walikuwa na wimbo mpya ambao Jogoo hakuutunga:

*Jogoo acha kuringa, chumvi haitaki wimbo,*
*Kitunguu kwanza kanga, chungu hakijui tambo!*

"Unaona vina hivyo?" alipiga kelele Bibi, bado anagonga. "Nimevishona asubuhi, wala sikuhitaji macho!"

Watu wote walimgeukia Jogoo waone atajibu nini. Jogoo, ambaye hajawahi kukosa jibu, aliinamia kibao chake, akajifuta macho. Bahati nzuri vitunguu vilikuwa karibu. Akavisingizia.